Funda la Maji Kabla ya Boden

Fittja, Stockholm, jioni

Wakesho, mwanangu na mama yangu,

Uko chumbani mwako unafunga lile begi kubwa la kijani, nami niko jikoni najifanya napika. Nakusikia ukilifungua tena na kulifunga tena. Lilikuwa limefungika vizuri tangu mwanzo, lakini toka ujiunge na wale watu wako huamini kitu mpaka umekikagua. Sufuria iliyo motoni ina maji matupu. Nimeiweka ili ukipita usiniulize naandika nini.

Naandika kwa Kiswahili, unisamehe. Najua utasoma polepole midomo ikitembea, kama ulivyokuwa ukisoma Zaburi mbele ya wageni, na ukifika kwenye neno gumu utataka kumwita baba yako. Usimwite. Neno gumu liruke, utalielewa mbele. Kiswidi changu mimi ni cha kazini, kinajua kuwauliza wazee kama wamemeza dawa na kama mto wa kichwa umekaa sawa. Haya ninayotaka kukuambia leo hakiyajui.

Sitakuambia uvae soksi za sufu. Wewe ndiye uliyenifundisha mimi kwamba sufu hukaa mwilini na pamba hubaki nyumbani, baada ya mimi kuishi nchi hii miaka mingi nikivaa fulana ya pamba chini ya koti na kushangaa kwa nini natetemeka. Sitakuambia ule vizuri, uamke mapema wala uchunge simu yako. Hayo unayajua kunishinda. Nataka kukuambia habari ya lile jambo lililokaa kati yetu kama mgeni asiyeaga.

Tangu siku ya sherehe yenu mwezi wa Mei, mimi na wewe tunazungumza habari za chakula na nguo za kufua tu. Kesho unapanda treni kwenda Boden, kaskazini kabisa, kuwa askari, na bado sijakubariki. Baba yako amekuombea, mchungaji amekuombea, hata wale akina mama wa kwaya wamekuombea kwa sauti mpaka jirani wa chini akagonga dari. Mimi niliitika amina. Lakini kwetu Taita amina haitoshi kama mzazi ana kitu kifuani.

Sikuwahi kukueleza kutasa, kwa hiyo ngoja nikueleze. Wazee wetu waliamini kwamba hasira ya mzazi ikikaa moyoni humfuata mtoto huko aendako, hata kama mzazi mwenyewe hataki imfuate. Ndiyo maana mtoto anaposafiri, mzazi husema wazi kinachomuuma, akachukua funda la maji, au la juisi ya miwa, kisha akayapuliza yale maji nje, pwaa, yakamrukia mtoto usoni na kifuani. Hasira inatoka na maji. Kinachobaki ndani ni baraka. Ukificha, ukasema huna hasira na kumbe unayo, maji yale hayafanyi kazi. Na mimi nimekuwa nikificha.

Basi nianze pale mambo yalipoanzia.

Unakumbuka Mama Neema aliponipigia simu? Mwenyewe ulikuwa mezani unakula ugali, uso mtulivu kama wa mtoto wa mchungaji. Mama Neema ni Mrundi, jirani yetu, mwalimu wa kwaya ya Kiswahili kanisani, na hana kawaida ya kuzungusha maneno. "Dada," akaniambia, "mutoto iko mugonjwa? Siku mingi hatumuone ku kwaya." Nikakutazama. Kila Jumanne jioni ulikuwa unatoka na baba yako, na kila Jumanne nilikuwa nawapungia mkono nikijua mnakwenda mazoezi ya kwaya. Nikamtazama baba yako. Baba yako, ambaye hawezi kunificha hata soksi iliyotoboka, akaanza kusifia mboga.

Kumbe mlikuwa mnakwenda kwenye kibanda kule msituni, kwenye kikosi cha vijana wanaofundishwa mambo ya jeshi kabla ya umri wa jeshi. Uliniletea maelezo kwa Kiswidi, mbio mbio, kama ufanyavyo ukitaka nisikatize: ramani, dira, kambi, huduma ya kwanza, redio ya mawasiliano. Nilichosikia mimi ni jeshi. Mama Neema alipopata habari yote alikuja hapa nyumbani, akaiona sare yako imeanikwa bafuni, akarudi nyuma mpaka akagonga mlango. "Mimi nilikimbia ile manguo," akasema, "na wewe unaifua?" Yeye ameona Burundi mambo ambayo sisi tuliyasikia redioni tu.

Lakini mimi nilikuwa na sababu yangu nyingine, na hiyo sikukuambia. Yupo mjomba wako, Mwadime, yule mnayeongea naye kwa simu wakati wa Krismasi, anayecheka sana na kukata simu haraka. Alipokuwa kijana babu yako alitaka awe mwalimu. Yeye akashuka Voi siku ya kuandikisha askari, akakimbia peku pamoja na vijana wengine vumbini, akachaguliwa. Alirudi nyumbani Mgange anang'aa kwa furaha. Babu yako alikuwa anapalilia migomba. Hakuinua kichwa. Bibi yako, huyo unayeitwa jina lake, akaleta maji kwenye kibuyu, akamsihi babu yako amtasie mwanawe. Babu yako akasema, "Sina neno naye." Akaendelea kupalilia.

Mwadime akaenda hivyo. Hakupigwa risasi wala hakupotea vitani, namshukuru Mungu, alipanda cheo na kujenga nyumba nzuri Gilgil. Ila yeye na baba yake hawakukaa tena meza moja. Kila mmoja alisema hana neno. Babu yako alipofariki, mjomba wako alikuja na sare, akasimama kichwani pa kaburi akapiga saluti, na sisi tuliokuwa tunatazama hatukujua kama ile ilikuwa heshima au ugomvi unaendelea. Nililia siku ile, na sikumlilia babu yako peke yake.

Kwa hiyo uliponiambia jeshi, mimi niliona kaburi lile. Nikasema hapana, na hapana yangu ikadumu mpaka ulipokwenda kambi ya baridi bila ruhusa yangu ila kwa ruhusa ya baba yako. Mwana akilia wembe, mpe. Ndivyo baba yako alivyonijibu, na mimi nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa.

Nakiri kwamba ulirudi kutoka kambini mzuri. Unanuka moshi, pua imebabuka kwa baridi, na unaongea. Wewe ambaye ulikuwa ukirudi shuleni unajibu "ndiyo", "hapana", "sijui"! Ulinisimulia jinsi mnavyolala kwenye hema lenye jiko la kuni katikati, na mtu mmoja hubaki macho kulisha moto wengine wakilala, halafu humwamsha mwenzake naye akapokea. Nilikuuliza kama huyo wa moto haogopi. Ukasema, "Anaogopa kulala tu." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikakuwekea chai ya maziwa, ukanywa sufuria nzima.

Na kuna siku ile ya ukumbini hapa nyumbani. Ulikuwa unajifunza gwaride, unatembea kutoka mlangoni mpaka dirishani, mikono umeilegeza kama mtu anayetafuta swichi ya taa. Nikashindwa kuvumilia. Mimi nilikuwa Girl Guide, skauti wa kike, mama, sikukuambia. Siku ya Madaraka tulikuwa tunapita Wundanyi mbele ya D.O., mkuu wa tarafa, magoti juu, mkono unafika begani, na vumbi letu lilikuwa linawafikia wazee kwenye viti. Nikachukua fagio, nikaliweka begani nikakuonyesha. "Mkono ufike begani! Begani!" Ukaniambia kwa Kiswidi kwamba ninyi hamfanyi hivyo. Nikakuambia basi Waswidi hawajui gwaride, wanatembea kama wanaenda dukani kununua maziwa. Baba yako akaingia akatukuta tunapita ukumbini, mimi na fagio, wewe unacheka umeshika tumbo. Siku ile nilikuwa karibu sana kukubali. Sijui kwa nini sikusema.

Tena kuna ile siku ya matunda ya msituni. Mimi na Mama Neema tulikuwa tumejaza ndoo za blåbär, yale matunda ya bluu yanayochafua meno, na tulikuwa tumebishana kuhusu mapishi mpaka hatukujua tulikotoka. Kila mti ulifanana na mwenzake. Mama Neema akaanza kuomba kwa Kirundi. Mimi nikaanza kutoa amri. Wewe ukatoa dira mfukoni, ukaniambia kwa Kiswahili safi, sijui ulikitoa wapi, "Mama, nyamaza kidogo." Nikanyamaza, ajabu ya Musa. Ulitupitisha kwenye mawe na matope, ukirudi kumshika Mama Neema mkono kila penye kuteleza, na tulipotoka tulikuwa kwenye kituo cha basi, basi lenyewe linakuja. Mama Neema akaweka ndoo yake chini. "Jeshi yetu ilitufundisha kukimbia," akasema. "Hii yako inakufundisha kurudi ku nyumba." Toka siku ile aliacha kuiogopa sare yako. Alianza hata kukushonea vifungo.

Basi tukafika mwezi wa Mei.

Uliniambia ni sherehe ya kufunga mwaka wenu wa mwisho, kwamba kutakuwa na zawadi, na kwamba nije. Uliniambia nije mara nyingi, kwa hiyo nikajua kuna jambo. Kwetu mtoto akimaliza mafunzo, jamaa hawaendi mikono mitupu. Ulizaliwa hapa, hujaona wanafunzi wa ualimu au wa polisi wakimaliza: akina mama wanavunja mstari, wanamvisha mtoto wao mashada ya karatasi za kumetameta mpaka uso hauonekani, vigelegele mpaka sauti zinakauka. Asiyevishwa shada siku hiyo unamwonea huruma, unajua hana watu. Mimi singekubali uonekane huna watu. Nilitafuta mashada Stockholm nzima sikupata. Nikafungua boksi la Krismasi, nikatoa ile mikufu ya fedha na dhahabu ya mti wetu.

Tukaja, mimi na leso yangu mpya na Mama Neema na kitenge chake. Wazazi wa Kiswidi walikuwa wamesimama kando ya uwanja na chupa zao za kahawa, kimya kama wako hospitali. Göran, mwalimu wenu, yule daktari wa meno mwenye masharubu, akatoa amri, "Givakt!" na ninyi wote mkasimama wima mara moja kama mlango uliofungwa. Akasoma majina. Kulikuwa na zawadi ya kulenga shabaha, nikasubiri jina lako, likapita. Ikaja ya ramani, nikasubiri. Kisha akasema zawadi ya mwisho ni ya mwenzi bora, na kwamba hiyo walimu hawachagui, vijana wenyewe ndio wanaompigia kura mwenzao. Wakesho.

Mama, sikumbuki jinsi nilivyofika pale. Nakumbuka Mama Neema nyuma yangu akipiga vigelegele vya Kirundi, virefu, vinavyopasua mbao. Ulikuwa umeshapokea kile kibao cha mti na kurudi mstarini. Nikapita katikati ya mstari, nikakuvisha mikufu yote, ya fedha na ya dhahabu, nikakushika mashavu, nikacheza mbele yako. Na wewe hukunitazama. Macho yako yalikuwa juu ya kichwa changu, mbali, mikono imebana mapajani. Hukutabasamu. Hukusema hata "mama". Nikasimama mbele yako na mikufu ya Krismasi imeningʼinia kwenye kofia yako, uwanja mzima kimya, na mzazi mmoja nyuma yangu akakohoa.

Nikarudi upande. Njia ile ilikuwa ndefu.

Kwenye gari uliniambia hukuruhusiwa kutikisika. Ukanieleza kwamba ukiambiwa "givakt" hutikisiki mpaka uambiwe tena. Kisha ukaniuliza, kwa Kiswidi, sauti ndogo, kama nina hasira. Nikakujibu, "Sina neno."

Umeona neno hilo, mama? Mimi sikuliona. Lilitoka kinywani kwangu kwa sauti ya babu yako, na sikulitambua. Nilijiambia una haya nami. Nilijiambia mtoto huyu niliyemzaa kwa uchungu amenikana mbele za watu kwa sababu ya leso yangu na kelele zangu. Kile kibao chako nilikiweka juu ya friji na nikakiacha pale, na mkate ukawekwa juu yake.

Ulipotuambia mezani kwamba umekubaliwa kwenda Boden, nilisema, "Nenda." Zamani kidogo vijana wa hapa walikuwa wakiitwa kwa lazima. Serikali ilipoondoa lazima nilimshukuru Mungu, kumbe nilishukuru mapema. Nchi nzima inaambiwa hakuna anayelazimishwa, na mwanangu mimi ndiye ananyosha mkono! Baba yako alinitazama aone kama nitaongeza neno. Nilikusanya sahani.

Kisha ikaja siku ya kofia nyeupe, siku ya kumaliza shule. Hapa ndipo pananiuma kuliko pote. Ulitoka mbio kwenye ngazi za shule na wenzako, na wale wale wazazi wa Kiswidi, wanaokaa kimya kama wako hospitali, walikuwa wanapiga mayowe, wanapuliza filimbi, wameinua picha za watoto wao walipokuwa wachanga. Na kila mzazi alikuwa na kitu cha kumvika mtoto wake shingoni! Maua, vidubu, chupa ndogo, vyote kwenye utepe wa bluu na manjano, mpaka watoto walikuwa wameinama kwa uzito. Siku ile kelele zilikuwa ruhusa. Siku ile shada lilikuwa sheria. Na mimi, mama wa mikufu ya Krismasi, nilikuja mikono mitupu, nimekunja midomo. Baba yako alikuvisha ua moja. Nilikuona ukinitazama mikono kabla ya kunitazama uso.

Hasira hasara. Mithali fupi hiyo, niliinakili shuleni mara ngapi sijui, na bado haikuniingia.

Sasa nikuambie kilichonifanya nikae hapa na maji yangu yanayochemka bure. Juzi Mama Neema alikuja kukuletea zile soksi alizokufumia. Ulikuwa umetoka. Tukanywa chai, nikamwambia kwa mara ya kwanza kile nilichokuwa nimekificha, kwamba mtoto wangu alinionea haya uwanjani. Aliweka kikombe chini.

"Nani alikuambia?"

"Niliona mwenyewe. Hakunitazama."

"Dada, wewe ulikuwa ku mbele yake unatafuta meno yake ya kucheka. Mimi nilikuwa ku upande. Mutoto alikuwa analia. Machozi inashuka, inashuka mpaka ku shingo, na yeye hapanguse. Ile mikono haitoke ku miguu. Mimi nilifikiri umeona."

Sikuona. Nilikuwa nimekuvisha mikufu mingi mno, mashavu yako yalikuwa yamefunikwa, na mimi mwenyewe nilikuwa nalia. Ulisimama pale unalia kwa furaha au kwa aibu yangu au kwa vyote, sijui, na ukayaacha machozi yashuke kwa sababu ulikuwa umeahidi kutotikisika. Na mimi nimekununia miezi yote hii kwa kutimiza ahadi.

Mama Neema hakumalizia hapo. Akaniuliza kama najua wenzako walikupigia kura kwa nini. Nikasema Göran alinieleza siku ile akinimiminia kahawa, lakini nilikuwa na hasira, maneno yalipita sikio hili yakatokea lile. Mama Neema aliyasikia. Kwamba kambini kulikuwa na msichana mgeni aliyekuwa analia kwa kukumbuka kwao, na zamu yake ya kulisha jiko ilipofika wewe hukumwamsha. Ulikaa na zamu yako na yake, na asubuhi hukumwambia mtu. Yeye ndiye aliyesema.

Wakesho, mimi nilikuwa nasubiri jina lako kwenye zawadi ya bunduki. Nilikuwa naogopa jeshi litakufundisha kuua. Kumbe lilichokuwa likikufundisha, ama ulichokuwa nacho tayari nalo likakiona, ni kukaa macho ili wengine walale. Kazi yangu mimi ni hiyo hiyo, kwenye nyumba ya wazee, na sikuwahi kuifikiria hivyo. Sisemi siogopi. Naogopa sana. Kila nikiona habari za nchi hizo ambako askari wa hapa wanapelekwa, nazima televisheni. Ukiniuliza kama nataka uende, jibu langu bado ni hapana. Lakini ninakupenda kuliko hapana yangu, na sitaki hapana hiyo ikufuate kwenye theluji ya Boden kama ilivyomfuata mjomba wako Gilgil.

Limebaki jambo moja, kisha nizime jiko.

Siku nilipoondoka mimi nyumbani kuja huku kwa baba yako, babu yako alinitasia. Nadhani alikuwa amejifunza kwa Mwadime, ingawa kwa Mwadime mwenyewe hakurudi. Alikuwa amenuna muda mrefu kwamba naolewa mbali. Gari lilikuwa linangoja, na ndani yake mchungaji na rafiki zake baba yako, watu waliosoma. Babu yako akatoka na kikombe cha juisi ya miwa, akasema mbele ya wote, "Nilikukasirikia kwa sababu nitakukosa," akanipulizia usoni. Ilikuwa baridi na tamu, iliningʼangʼania kwenye nyusi. Na mimi nikatoa kitambaa cheupe kwenye mkoba nikajifuta. Haraka haraka, kabla wale wa garini hawajaniona vizuri. Nilikuwa nimeokoka, nilikuwa nimevaa gauni jipya, naenda Ulaya. Babu yako aliona. Alikung'uta kikombe tu. Nimebarikiwa maisha yangu yote na baraka niliyoifuta, na sijapata kuwa na uso wa kumwomba msamaha, maana kufikia wakati nilipoelewa, yeye alikuwa ameshazikwa.

Kwa hiyo mimi niliyefuta baraka ya baba yangu usoni ndiye niliyekununia wewe kwa kusimama kimya. Cheka ukitaka. Mimi nimecheka kidogo hapa peke yangu.

Barua hii nitaiweka ndani ya buti lako la kushoto. Najua huvai buti bila kuingiza mkono kwanza, kwa hiyo utaiona. Isome ukikaa kitandani, usome yote, usiruke mpaka mwisho kama unavyofanya na vitabu. Kisha uje jikoni ukiwa umevaa sare. Kile kibao chako nimekipangusa makombo, nimekitundika ukumbini pale ambapo mgeni yeyote akiingia lazima akione, na baba yako ametoboa ukuta vibaya lakini usimwambie. Kile kikombe chako cha kijani cha kambini nimekichukua kutoka kwenye begi lako. Ndicho ulichokuwa unakitafuta mchana wote ukifungua na kufunga. Samahani. Nitakurudishia.

Nitakijaza maji. Nitasema mbele ya baba yako, "Nilikukasirikia kwa sababu nitakukosa." Nitayapuliza yote.

Na wewe, mama yangu, nakuomba kitu kimoja. Simama kama ulivyosimama siku ile ya Mei. Wima, mikono mapajani, macho mbali. Usitikisike. Maji yakikushuka usoni yaache yashuke mpaka shingoni, na machozi yakija yaache pia. Baba yako atakuwa ameshika taulo, namjua, mkatae.

Nenda nayo mpaka yakauke yenyewe.

Nakungoja jikoni.

Mama yako